Moto wa kuazima

*Mafundi wa bodaboda huhamisha CDI kutoka pikipiki moja hadi nyingine ili dereva asipoteze siku. Soketi hukubali, plagi hutoa moto, injini hunguruma. Lakini kutoa moto ni jambo moja, na kuutoa kwa wakati wake ni jambo jingine.*

MBAGALA, saa moja na nusu asubuhi. Maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kutoka kwenye majani ya mwarobaini. Chini ya mti huo fundi ameinamia pikipiki ya Kichina ya cc 125. Kiti kimeng'olewa, kifuniko cha ubavuni kimelazwa chini, skrubu zimekusanywa ndani yake zisipotee.

Dereva, kijana mwenye pikipiki ya mkataba, amesimama na kofia ngumu mkononi. Amepiga kiki mpaka goti limechoka. Mafuta yapo, plagi ni mpya, lakini haina moto.

Fundi anachomoa kijisanduku cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani. Hiyo ndiyo CDI. Anaigeuza, anainusa, anaiweka pembeni. Kisha anavuta kopo la rangi lililojaa CDI za zamani za kila jina, anazichambua kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, na kupata moja yenye soketi inayofanana. Anachomeka. Kiki ya kwanza, kimya. Kiki ya pili, injini inashika.

Kijana analipa na kuondoka mbio kuwahi abiria wa asubuhi. Kazi nzima haikuzidi dakika ishirini.

Siku ya tatu alirudi akiisukuma. Ilikuwa ikigonga kila alipopandisha mlima na abiria, injini ikichemka hadi mguu hauvumilii kuwa karibu. Asubuhi hiyo kiki ilimrudi kwa nguvu ikampiga kwenye muundi. Alikuja akichechemea.

Kijisanduku kinachoamua

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mngurumo tunaousikia kila kona ya mji unategemea kazi ambayo CDI huifanya mara nyingi kila sekunde bila kuonekana.

Ndani yake mna kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa volti mia mbili hadi mia nne hivi. Kwenye gurudumu la sumaku, ukingoni, kuna nundu ya chuma. Nundu hiyo ikipita mbele ya koili ndogo ambayo mafundi huiita palsa, koili hutoa ishara. Ishara ikifika, swichi ya kielektroniki ndani ya CDI hufunguka, na umeme wote uliohifadhiwa humiminwa kwa mpigo mmoja kwenye koili ya plagi. Koili huukuza kufikia maelfu mengi ya volti, na cheche huruka kwenye ncha ya plagi.

Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na platini, vipande viwili vya chuma vilivyofunguka na kufungwa kwa kusukumwa. Vililika, vilishika masizi, na fundi alilazimika kuvisugua kwa msasa na kuvipima nafasi mara kwa mara. Mwaka 1969 Kawasaki ilitoa pikipiki yake ya H1 ya cc 500 ikiwa na CDI, miongoni mwa za kwanza kuuzwa kwa umma zikiwa na mfumo huo. Taratibu platini zikaanza kupotea.

Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako barabara ni mbaya na matunzo ni haba, nayo ilianza na platini kabla ya kuhamia CDI. Injini hiyo ndiyo mama wa pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa Afrika Mashariki, kwa kuwa viwanda vingi vya China viliinakili na kuiuza kwa majina mbalimbali.

Undugu huo ndio chanzo cha kopo la fundi. Pikipiki mbili zenye majina tofauti kwenye tangi zinaweza kuwa na sumaku ileile, palsa ileile na soketi ileile. Fundi anapotoa CDI ya moja na kuifunga kwenye nyingine, mara nyingi hakosei. Kosa huanza pale anapodhani kwamba undugu huo ni wa pikipiki zote.

AC na DC: soketi moja, damu mbili

Tofauti ya kwanza, na ndiyo inayoua CDI nyingi, ni chakula chake.

CDI ya AC hulishwa moja kwa moja na koili maalumu iliyo ndani ya sumaku, iliyosukwa kwa waya mwembamba sana. Haihitaji betri. Injini ikizunguka kwa kiki, koili hiyo hutoa umeme wa volti nyingi, na plagi hupata moto hata kama betri imekufa zamani.

CDI ya DC hula volti 12 za betri kupitia ufunguo. Ndani yake mna sehemu inayozikuza volti hizo kabla ya kuzihifadhi. Sumaku ya pikipiki ya namna hiyo haina koili ya kulisha CDI, na betri ikilala kabisa, kiki inaweza kupigwa hadi jioni bila cheche.

Aina hizi mbili zinaweza kufanana kwa umbo, kwa rangi, hata kwa soketi. Ukifunga ya DC kwenye pikipiki ya AC, umeme wa koili unaweza kuiunguza papo hapo. Ukifunga ya AC kwenye pikipiki ya DC, itakaa kimya kwa sababu chakula chake hakipo.

> Soketi ni mlango tu. Kuingia mlangoni hakumaanishi kuwa umefika nyumba uliyokusudia.

Kuna na mtego wa rangi za nyaya. Katika mfumo wa Honda, unaofuatwa na pikipiki nyingi za Kichina, waya wa kijani ni ethi, na waya mweusi wenye mstari wa njano ndio unaopeleka moto kwenye koili ya plagi. Katika mfumo wa Kawasaki, uliorithiwa na Bajaj kutokana na ushirikiano wao ulioanza miaka ya 1980, waya mweusi wenye mstari wa njano ni ethi.

Kwa hiyo fundi anayeunganisha rangi kwa rangi kati ya familia hizo mbili anauzika moto wote ardhini. Macho yake yanamwambia kazi ni safi, na pikipiki haitoi hata cheche.

Nyuzi kumi zinazotoboa pistoni

Tofauti ya pili haionekani kabisa, na ndiyo iliyomrudisha kijana wa Mbagala. Inaitwa taimingi.

Mchanganyiko wa mafuta na hewa hauungui mara moja. Huhitaji muda mfupi ili moto usambae ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo plagi hupiga kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili msukumo mkubwa uje pistoni inapoanza kushuka. Injini nyingi ndogo za aina hii zikiwa silensa, yaani zikinguruma bila kuvutwa mafuta, hupiga moto nyuzi 10 hadi 15 kabla ya kilele. Mwendo ukiongezeka, moto hutangulizwa zaidi, hadi karibu nyuzi 30.

Hesabu yake ni ya kutisha. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krankishafti hupita nyuzi 36,000 kwa sekunde moja. Nyuzi kumi hupita katika sehemu moja ya 3,600 ya sekunde. Hapo ndipo CDI inapofanya uamuzi wake, tena na tena, siku nzima.

Uamuzi huo huundwa kwa kutegemea nundu ya sumaku fulani: imekaa wapi, ina urefu gani, na palsa inaisoma kutoka upande upi. Ukihamishia CDI kwenye sumaku yenye nundu ya kipimo kingine, moto utatoka, lakini utatoka mapema au utachelewa. Hata nyaya mbili za palsa zikigeuzwa, CDI inaweza kusoma mwisho wa nundu badala ya mwanzo wake.

Moto ukitangulia mno, mlipuko hukutana na pistoni ikiwa bado inapanda. Injini hugonga, huchemka, kiki humrudi mpigaji, na klachi ya stata huweza kuvunjika. Mwisho wake ni pistoni iliyotoboka. Moto ukichelewa, pikipiki hupoteza nguvu na kula mafuta, na joto huhamia kwenye valvu na bomba la moshi.

Kuna pikipiki ambazo mambo yake yamepindana zaidi. Pulsar ya Bajaj yenye teknolojia ya DTS-i, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ina plagi mbili katika silinda moja, na CDI yake hupokea pia ishara kutoka kwenye kabureta ili ijue dereva amevuta mafuta kiasi gani. CDI ya kawaida yenye njia moja ya koili haiwezi kubeba kazi hiyo, hata injini ikikubali kunguruma.

Upande wa kopo

Mafundi wa mitaani hawafanyi hivi kwa uzembe, na ni dhuluma kuwaita waharibifu.

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli zilizovusha watu. Pikipiki ziliposhuka bei, biashara ikalipuka. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250, na mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Pikipiki ziliongezeka kuliko maduka ya vipuri vyake halisi, na kuliko vyuo vya kuwafundisha watakaozitengeneza.

Dereva wa mkataba anadaiwa hesabu kila jioni, iwe pikipiki imetembea au imelala. CDI ya kampuni inaweza kuwa na bei mara kadhaa kuliko ile ya jina lisilojulikana, na kwa pikipiki ambazo mwagizaji wake alishafunga duka, haipatikani kabisa. Mfungwa wa hali hiyo hawezi kuambiwa asubiri mzigo mwezi mmoja. Fundi anapotafuta mbadala, anaokoa chakula cha nyumba fulani.

Tena kuna ujuzi wa kweli chini ya mwarobaini ule. Nimeona mtu ambaye hakukanyaga chuo akitambua palsa iliyokatika kwa kupima ukinzani wake, na mwingine akifuatilia waya mmoja kutoka kwenye ufunguo hadi taa ya nyuma akiwa amefumba macho nusu. Ujuzi huo ni mali ya nchi.

Upande wa kaunta

Wauzaji wa vipuri halisi nao wana hoja nzito. Wanasema kila CDI ina namba yake, na namba hiyo imefungamana na modeli, sumaku na koili yake. Ukiibadilisha bila kulingana, dhamana ya pikipiki inakufa, na lawama ya injini iliyoharibika hubebeshwa mtengenezaji asiyehusika.

Wanaongeza kwamba CDI nyingi za bei rahisi huja bila maandishi yoyote ya maana. Hazisemi kama ni AC au DC, wala ni za sumaku ipi. Mteja anauziwa umbo. Na CDI iliyotumika haina risiti. Anayeinunua hajui kama imetoka kwenye pikipiki iliyochakaa au iliyoibwa jana usiku.

Matajiri wenye pikipiki wamegawanyika. Wapo wanaonunua cha bei ya chini leo na kulipia injini kesho. Wapo waliojifunza kwa hasara, ambao sasa hawaruhusu soketi ikatwe bila wao kupigiwa simu.

Pande zote mbili zinasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kukataza kabisa kuhamisha CDI ni kuwaadhibu maskini kwa kosa la soko. Kuiacha iendelee kwa kubahatisha ni kuwaacha maskini haohao walipe mara ya pili.

Kinachopotea nje ya injini

Hasara haiishii kwenye pistoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na CDI ngeni hujulikana kwa nyaya zilizokatwa, zikasokotwa na kuvishwa solotepu. Mvua ikinyesha, maji huingia. Barabara ikitikisa, waya huachia. Pikipiki huzima ghafla katikati ya barabara kuu usiku, taa zikafifia, na lori linakuja nyuma.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo. CDI ya AC huzimwa kwa waya unaopeleka umeme ethi pale ufunguo unapofungwa. Kwa DC ya kawaida, ufunguo hukata chakula. Fundi akihamisha na kuuacha waya wa kuzimia ukining'inia, ufunguo unabaki pambo. Dereva anazoea kuizima kwa kuitia gia na kuachia klachi. Siku akianguka na injini ikaendelea kuzunguka, tairi likiwa karibu na miguu ya abiria, hakuna cha kuizima kwa haraka.

> Ufunguo usiozima injini si hitilafu ndogo. Ni breki ya mwisho iliyong'olewa.

Na mara nyingi CDI iliyokufa haikuwa mgonjwa, ilikuwa maiti tu. Aliyeua ni rektifaya inayopeleka chaji kubwa kupita kiasi, au mazoea ya kupiga kiki kepu ya plagi ikiwa inaning'inia hewani, hali inayourudisha umeme mkali ndani ya CDI. Ukifunga nyingine bila kumtafuta muuaji, nayo itamfuata mwenzake.

Dakika kumi kabla ya kuchomeka

Kuhamisha CDI kunaweza kufanywa kwa akili. Vipimo vyenyewe havihitaji mashine kubwa, vinahitaji mita ya kawaida na uvumilivu.

Kwanza, washa ufunguo na upime kwenye soketi ya CDI ikiwa imechomolewa. Ukikuta volti 12 kwenye waya wa chakula, hiyo ni pikipiki ya DC. Usipozikuta, weka mita kwenye volti za AC na upige kiki. Makumi ya volti yakiruka kwenye waya utokao kwenye sumaku, hiyo ni AC. Hakuna sababu ya kubahatisha.

Pili, fuata waya kwa kazi yake, usiufuate kwa rangi yake. Ujue ethi ni upi, palsa ni upi, wa koili ni upi na wa kuzimia ni upi. Usikubali kuondoka kabla ufunguo haujazima injini.

Tatu, pima chaji ya betri injini ikipigwa resi. Kwa pikipiki ya volti 12 ikae kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikipanda hadi 16 au zaidi, tafuta rektifaya kabla ya kufunga CDI yoyote.

Nne, na hapa ndipo wengi huishia njiani, pima taimingi. Kwenye gurudumu la sumaku la pikipiki nyingi kuna herufi mbili zilizochongwa: T, pistoni ikiwa juu kabisa, na F, mahali moto unapopaswa kupiga injini ikiwa silensa. Taa ya taimingi hubanwa kwenye waya wa plagi na kumulika kila cheche inapotoka. F ikionekana imetulia kwenye alama ya kifuniko, CDI imekubali. Isipotulia hapo, itolewe, hata kama injini inanguruma vizuri kiasi gani.

Taa hiyo moja inaweza kununuliwa na kijiwe kizima kwa kuchangiana. Haifiki bei ya injini moja iliyofunguliwa.

Wenye nguvu za kisheria

Mzigo huu usiachwe kwa fundi peke yake. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Tume ya Ushindani, FCC, ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayopambana na bidhaa bandia. Kipuri kinachoingia nchini bila kueleza kinalishwa na umeme gani kinamdanganya mnunuzi kwa ukimya wake.

Kinachohitajika ni maandishi matatu juu ya kila CDI inayouzwa: AC au DC, modeli inayokusudiwa, na mchoro wa miguu ya soketi. Ni wino kidogo kwenye plastiki. VETA nayo, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1994 kwa mafunzo ya ufundi, ingefika mbali kama kozi fupi ya umeme wa pikipiki ingewafuata mafundi kwenye vijiwe vyao, jioni baada ya kazi.

Pikipiki za sindano za mafuta, zinazoongozwa na kompyuta moja kwa moto na mafuta pamoja, zimeanza kuenea, na zile za umeme hazina plagi kabisa. Lakini zenye CDI zitaendelea kubeba watu, magunia na wagonjwa kwa miaka mingi. Haiwezekani kuzisubiri zife.

F imesimama

Siku ile ya tatu fundi wa Mbagala hakubishana. Aliazima taa ya taimingi kwa mwenzake wa kijiwe cha pili, akafungua kifuniko kidogo cha duara pembeni mwa injini, akawasha. Tuliinama watatu: fundi, dereva na mimi. Kwenye mwanga ule unaopepesa, F ilikuwa bado mbali na alama, na cheche ilikuwa imeshapiga.

Fundi aliizima, akachomoa CDI aliyokuwa ameifunga kwa mikono yake mwenyewe, akamwonyesha kijana. Akamwambia alikotakiwa kwenda kununua, aina gani, na neno la kumwambia muuzaji. Hakumtoza fedha ya ufundi.

Saa sita mchana CDI mpya ilikuwa ndani. Safari hii ufunguo ulijaribiwa mara tatu kuzima injini, chaji ikapimwa, na taa ikamulika tena. F ilisimama palepale kwenye alama, imetulia kana kwamba gurudumu halizunguki. Kijana alitaka kuiangalia mara ya pili.

Nilipopita wiki iliyofuata, kopo la rangi lilikuwa limekuwa makopo mawili. Kwenye moja iliandikwa AC kwa rangi nyeupe, kwenye jingine DC. Chini kulikuwa na rundo dogo la CDI ambazo bado hakuwa amejua pa kuziweka, na fundi alikuwa ameketi na mita yake akizipima moja baada ya nyingine.